Mwendo mrefu wa springi kwa pikapu za barabara za Matamba na Usangu

Karibu kila mwezi hufika gerejini kwangu, hapa Mbeya, mwenye pikapu anayetaka gari lake linyanyuliwe, na karibu kila mara, nikishamsikiliza vizuri, ninagundua kwamba shida yake si urefu. Gari linadunda akishuka kutoka Matamba, au linatupa mkia kwenye vumbi la Usangu, au akivuka korongo tairi moja la nyuma linaning'inia hewani na kuzunguka bure huku jingine, lililo ardhini, limesimama. Kinachomsumbua ni kwamba magurudumu yake hayabaki ardhini. Kuweka vipande vya chuma juu ya springi hunyanyua bodi tu. Gurudumu hubaki na umbali uleule wa kupanda na kushuka, na upande wa kushuka mara nyingi hupungua, kwa sababu shokapu zilezile za zamani sasa zimevutwa karibu na mwisho wake.

Umbali huo wote, kuanzia gurudumu linapogota juu hadi linapogota chini, ndio ninaouita mwendo wa springi. Pikapu ya kawaida yenye koili (springi zilizoviringwa) mbele, kama Hilux za kuanzia mwaka 2004, huwa na takribani milimita 200. Malori madogo ya mashindano ya jangwani huko Baja, Mexico, hupita milimita 600 mbele. Hata hivyo, magari ya daraja la T1+ yaliyoanza kushindana katika mbio za jangwani za Dakar mwaka 2022, ikiwemo Hilux iliyoshinda mwaka huo, yanaruhusiwa milimita 350 tu, na kabla ya hapo kikomo kilikuwa 280. Nautaja mfano huu kwa makusudi, kwa sababu mtu anayepeleka mbegu za viazi Makete na kurudi na magunia hahitaji kipimo cha Baja. Milimita 280 hadi 300, zikitulizwa vizuri, zinamtosha kabisa.

Kwenye gari lenye ekseli nzima ya mbele, kama Land Cruiser za pikapu, kazi ni nyepesi zaidi: koili ndefu, shokapu ndefu, mipira ya breki iliyorefushwa, na marekebisho ya pembe ya usukani. Kwenye gari ambalo kila gurudumu la mbele hujitegemea, kizuizi cha kwanza ni sivii jointi, kiungo kinachopeleka nguvu gurudumuni hata shafti ikiwa imepinda. Ukilazimisha gurudumu lishuke zaidi bila kurefusha amu, yaani mikono ya chuma inayoshika gurudumu, shafti hupinda kupita pembe inayoweza kuvumilia. Ndiyo maana seti za kweli za mwendo mrefu huja na amu ndefu za juu na chini, shafti ndefu na tairodi ndefu kwa pamoja. Amu zilizorefushwa milimita 75 kila upande huongeza milimita 150 kwenye upana wa gari, na kwenye zile kona 57 za kutoka Chimala kwenda Matamba upana huo unauhisi kila unapopishana na lori. Tairodi, fimbo inayounganisha usukani na gurudumu, nayo lazima ichore tao lilelile linalochorwa na amu. Isipofanya hivyo, usukani utajigeuza wenyewe kila tairi linapopanda jiwe.

Miaka kadhaa iliyopita nilimfungia mteja seti ya namna hiyo na nikakubali kuiacha bila mikanda ya kuzuia, kwa kuwa muuzaji alituhakikishia kwamba shokapu zenyewe zingetosha kuzuia gurudumu lisishuke mno. Wiki ya tatu, kwenye kijito chini ya Matamba, gurudumu la kushoto lilishuka lote, dereva akakanyaga mafuta, na sivii jointi ya nje ikapasuka. Tulipoifungua, gololi zake mbili zilikuwa zimemeguka na kikombe kimechanika kama ganda la yai. Tangu siku hiyo sifungi mwendo mrefu bila mkanda imara uliofungwa kati ya amu ya chini na chesisi, na urefu wake nauweka ili ukaze milimita chache kabla ya shokapu kufika mwisho.

Kabla ya kununua chochote, pima. Mimi hulaza gari kwenye stendi, natoa koili, narudisha shokapu peke yake, kisha napandisha gurudumu taratibu kwa jeki kutoka chini hadi juu. Kila sentimita mbili nasimama na kuandika umbali kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa bodi, urefu wa shokapu, na pembe ya shafti. Hapo ndipo utaona mpira wa breki unaovutika, tairi linalogusa bodi usukani ukiwa umekatwa, au boljointi inayogota kabla ya kila kitu. Ni kazi ya asubuhi nzima, na inaokoa fedha nyingi kuliko spana yoyote niliyo nayo.

Koili ndiyo inayoamua mengine yote, na hapa ningependa msomaji anivumilie na hesabu kidogo. Chukua gurudumu la mbele linalobeba kilo 500 za bodi. Shokapu ikiwa imefungwa kwenye asilimia 60 ya urefu wa amu ya chini, koili ya nyutoni 100 kwa milimita, yaani inayohitaji nguvu hiyo ili ikandamizwe milimita moja, huhisiwa gurudumuni kama nyutoni 36 tu, kwa sababu uwiano hujizidisha: 0.6 mara 0.6. Uzito huo utaikandamiza kwa kiasi cha milimita 136 gurudumuni, na bodi itapanda na kushuka mara 1.35 hivi kwa sekunde, ambao ni mwendo mzuri kwa barabara zetu. Kwa mbele mimi hulenga kati ya 1.2 na 1.5. Sasa refusha amu kutoka milimita 400 hadi 460 bila kusogeza mahali pa kufungia shokapu. Uwiano unashuka hadi 0.52, na koili ileile inahisiwa kama nyutoni 27. Gari linainama pua, mwenye gari anakaza nati ya juu ya koili ili alinyanyue, na anaamini ameongeza ugumu. Hajaongeza. Kwa koili ya kawaida, kukaza nati hupandisha gari na kula sehemu ya mshuko. Ugumu unabaki uleule. Hapo dawa ni koili nyingine, ya nyutoni 130 hivi.

Nyuma, swali la kwanza ni mzigo. Pikapu inayopanda tupu na kushuka na magunia ya viazi haiwezi kuwa na springi moja inayofaa kikamilifu pande zote mbili. Kuongeza majani manene ya springi ni suluhisho la barabarani ambalo hulifanya gari tupu lirukeruke kama mbuzi. Ninapendelea majani mengi membamba na marefu, yanayoteleza vizuri, na jani moja nene chini kabisa linaloanza kufanya kazi mzigo ukishapanda. Angalia pia jinsi shokapu za nyuma zilivyolala. Shokapu iliyoinama nyuzi 45 hubakiwa na nusu tu ya nguvu zake za kutuliza gurudumu, na nimeona pikapu nyingi zilizobadilishiwa shokapu mara tatu ilhali kosa lilikuwa mahali pa kuzifungia.

Kuhusu shokapu zenyewe, chagua zile za bomba moja, ambazo pistoni inayoelea hutenganisha mafuta na gesi ya naitrojeni. Shokapu za mabomba mawili, zikipigwa muda mrefu kwenye changarawe iliyokunjamana kama bati, huchanganya mafuta na gesi, na mapovu hayatulizi kitu. Tanki la pembeni huongeza mafuta na kupunguza joto, kwa hiyo ni fedha iliyotumika vizuri kwa anayekimbia saa nzima kwenye tambarare za Usangu. Anayepanda milima polepole anaweza kuliacha.

Majaribio huanza mafuta ya shokapu yakishapata moto. Asubuhi ya Julai kule Kitulo, kukiwa na sakitu kwenye majani, shokapu yoyote itaonekana ngumu, nawe utailegeza bila sababu. Weka upepo uleule wa matairi, pita kipande kilekile cha barabara, badilisha kitu kimoja tu, andika. Naanza na ugumu wa kukandamizwa, nikitumia oringi iliyovishwa kwenye fimbo ya shokapu: inasukumwa na kubaki pale ilipofika, hivyo nikisimama najua gurudumu lilipanda kiasi gani. Kisha nashughulikia kurudi, yaani kasi ambayo shokapu hurefuka tena baada ya kukandamizwa. Kurudi kukiwa kwa polepole mno, kwenye bati gurudumu haliwahi kushuka kabla ya tuta linalofuata, na gari huzidi kuzama na kuwa gumu kadiri unavyokwenda. Wengi hudhani koili imechoka na kununua nzito zaidi. Kukiwa kwa haraka mno, mkia unarushwa juu baada ya tuta moja kubwa.

Hilux ya yule mteja wa kijitoni sasa ina milimita 290 mbele, 160 za kupanda na 130 za kushuka. Nililegeza kurudi kwa hatua mbili za kirekebishi cha shokapu, nikakaza kukandamizwa kwa moja, na baada ya kilomita 500 nikarudia kukaza yubolti zote na kupanga magurudumu upya gari likiwa limesimama kwenye urefu wake halisi. Mara ya mwisho aliposhuka na mzigo kupitia kijito kilekile, oringi ilisimama milimita 20 kabla ya mwisho, nami sikugusa kitu.