Gari Likizima Majini, Usipige Stata

Gari limezima katikati ya dimbwi, mvua bado inanyesha, na mkono wa dereva tayari uko kwenye ufunguo. Uondoe. Maji yaliyoingia kwenye injini iliyosimama mara nyingi hutolewa bila hasara kubwa. Kinachoiua ni ile stata ya "ngoja nijaribu tena".

Pistoni ikipanda hubana hewa, na hewa hukubali kubanwa. Maji hayakubali. Yakizidi nafasi iliyobaki juu ya pistoni, pistoni hugota njiani huku krankshafti (mhimili wa chini unaozunguka) ikiendelea kuisukuma, na konrodi, mkono unaoziunganisha hizo mbili, hupinda. Dizeli huumia upesi zaidi kwa kuwa nafasi hiyo ni finyu: hewa hubanwa mara 16 hivi, ilhali kwenye petroli ni kama mara 10. Kuna konrodi zinazopinda kidogo tu, gari likawaka na kutembea, kisha siku moja barabarani ikakatika na kutoboa bloku, yaani mwili wa injini. Kufikia hapo mwenye gari hata mvua ameshaisahau.

Basi zima swichi, gari livutwe hadi pakavu. Kulisukuma ili liwake ni kosa lile lile. Chomoa waya wa hasi wa betri, fungua boksi la filta ya hewa, papasa ndani kwa vidole. Filta ikiwa chepechepe, chukulia kwamba maji yamefika kwenye silinda. Kisha vuta kijiti cha oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, au imepanda kupita alama ya juu, kuna maji humo.

Kinachofuata ni kazi ya fundi. Umeme wa plagi na mafuta hukatwa, plagi zote hutolewa (kwenye dizeli, nozeli za mafuta), na injini huzungushwa taratibu kwa spana kwenye puli ya mbele. Maji huruka kupitia matundu ya plagi, kwa hiyo usiinamie. Ikigoma kuzunguka hata hivyo, isilazimishwe, ifunguliwe. Oili na filta yake hubadilishwa, injini huunguruma dakika chache, kisha oili hiyo mpya nayo humwagwa pamoja na maji yaliyosalia. Wengi huona uchungu kuimwaga, lakini beringi zinazolainishwa na oili hiyo ni ghali zaidi. Gia boksi na difu (gia za ekseli) nazo zikaguliwe, zina matundu ya kupumulia ambayo maji huweza kuingilia.

Kutu haingoji kesho. Kazi ikikatishwa na giza, angalau maji yatoke, kila silinda idondoshewe oili kidogo kupitia tundu la plagi, na injini izungushwe kwa mkono.