Kipaumbele cha Mabasi Kwenye Taa Si Ruhusa ya Kupita Nyekundu

Foleni za Mombasa zikijadiliwa na mtu akataja mabasi kupewa kipaumbele kwenye taa za barabarani, malalamiko huja pande mbili. Wenye magari madogo wanahofu watasimamishwa kutwa. Baadhi ya madereva wa matatu nao wanadhani wataruhusiwa kupita hata taa ikiwa nyekundu. Wote wamekosea.

Mtambo hulitambua basi kabla halijafika makutano, ama kwa waya uliofukiwa chini ya lami, ama kwa satelaiti. Ikiwa taa ni kijani, huongezwa sekunde chache lipite. Ikiwa nyekundu, kijani huwahishwa kidogo. Muda wa manjano haupunguzwi, wala wa mtu anayevuka kwa miguu. Zurich, Uswisi, walilipigia kura jambo hili mwaka 1977, na magari madogo bado yanapita.

Tunahesabu watu, si magari. Basi la viti 33 lililojaa abiria wa Kongowea wanaovuka Daraja la Nyali kwenda kazini halifai kungoja sawa na gari lenye mtu mmoja.

Tatizo kubwa ni mahali pa kusimama. Matatu ikisimama kabla ya taa ili makanga aite abiria, mtambo umeshaiona, kijani kinaongezwa bure, na wa barabara ya pili ndio wanaoumia. Ndiyo maana steji inafaa kuwa baada ya taa, na abiria atembee hadi hapo. Tumelisema hili mara nyingi, jamani. Halafu askari akianza kuongoza magari kwa mkono, taa haina kauli tena: fuateni mkono wake.

Kuhusu adhabu, msichanganye. Kwa kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016, dereva asiyetii ishara ya barabarani hutozwa shilingi 3,000. Hupewa hati ya kosa. Akikiri, hulipa kama hati inavyoelekeza na kutunza risiti. Akikana, hufika mahakamani tarehe iliyoandikwa. Pesa anayotiwa askari mkononi kando ya barabara si faini, na kosa halijafutika. Wala kujaza abiria au kuchelewa zamu si utetezi: basi likikuta taa nyekundu, linasimama pamoja na tuktuk na magari mengine.