Nani anajua nini: urafiki wa wasichana ndani ya tamthilia ya Skam

Kazi yangu ni kuhariri miswada ya tamthilia, na mingi inayonifikia siku hizi imeandikwa na vijana kuhusu wasichana wa sekondari. Mashosti watatu au wanne, mmoja mcheshi, mmoja mpole, mmoja mwenye nyodo. Wanamgombea mvulana, wanasutana, wanalia, wanapatana. Waandishi hawa huwa nawaomba kitu kimoja: watafute Skam, tamthilia ya Norway, waitazame na kalamu mkononi. Leo nieleze sababu.

Skam, yaani "Aibu", ilitolewa na NRK, shirika la utangazaji la umma la Norway, kuanzia Septemba 2015 hadi Juni 2017, misimu minne. Aliyeibuni, akaiandika na kuiongoza ni Julie Andem. Mlengwa alikuwa mmoja: msichana wa miaka 16. Kabla ya kuandika, Andem na wenzake walikwenda kuwahoji vijana wenyewe, wakakuta kwamba kinachowalemea ni shinikizo la kufaulu, kupendeza, kupendwa na kuonekana una watu wako. Hadithi imewekwa Oslo, kwenye shule ya kweli ya Hartvig Nissen.

Wasichana watano ndio kitovu chake: Eva, Noora, Vilde, Chris na Sana. Mwanzoni si marafiki kabisa. Kinachowakutanisha ni basi. Norway, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari ya juu huitwa russ. Huvaa ovaroli, nyingi nyekundu, hujikusanya kwenye makundi yenye mabasi, na husherehekea kwa wiki kadhaa hadi tarehe 17 Mei, Siku ya Katiba. Kundi la basi huanza kusukwa miaka miwili kabla, na asiye na kundi hujulikana shule nzima. Vilde ndiye anayeokota wasichana ambao hakuna aliyewachukua, akaunda nao kundi. Napenda sana mwanzo huu. Urafiki unaanza kwa shida na maslahi, kama urafiki mwingi wa shuleni, na mapenzi yanafuata taratibu bila mtu kuyatangaza.

Sasa nifike kwenye ufundi wenyewe. Kila msimu una mhusika mkuu mmoja: Eva, kisha Noora, kisha mvulana Isak, kisha Sana. Kamera haibanduki kwake, isipokuwa katika kipindi cha mwisho kabisa cha tamthilia. Asipokuwepo chumbani, nasi hatupo, asichokijua, hatukijui. Waandishi wangu wengi hufanya kinyume: wanamwonyesha mtazamaji rafiki akisengenya nyuma ya mlango, halafu wanatumia vipindi vitatu kumsubiri mhusika agundue. Mtazamaji anakuwa juu ya msichana yule, anamwonea huruma kwa mbali. Andem anamteremsha mtazamaji hadi alipo msichana, kwenye kubahatisha na kusoma nyuso za watu.

Tazama msimu wa kwanza. Eva amempoteza rafiki yake mkubwa, Ingrid, kwa sababu alimchukua Jonas wakati Jonas akiwa bado na Ingrid. Basi mapenzi yake yamejengwa juu ya udanganyifu anaoujua vizuri, na kila Jonas anapotoa kisingizio, Eva anamwona kama Ingrid alivyopaswa kumwona. Katikati ya wasiwasi huo anambusu mvulana mwenye mpenzi wake. Siri inavuja, shule nzima inamgeukia, na sisi tumekaa naye tukiwapima marafiki mmoja mmoja: ni nani? Kumbe ni Isak, ambaye Eva alikuwa akimwendea kwa ushauri. Kwa nini alifanya hivyo? Eva hajui vizuri, kwa hiyo tamthilia inaliacha jambo hilo. Mpaka msimu wa tatu, kamera inapohamia kwa Isak na kukaa na hisia zake za siri kwa Jonas, ndipo usaliti ule unapopata sababu iliyokuwepo tangu mwanzo. Kamera imebadilisha mtu tu.

Noora naye, katika msimu wa pili, anaanza uhusiano na William, mvulana yuleyule aliyemvunja moyo Vilde, na anamficha Vilde. Jambo la Noora na William limewapendeza watazamaji wengi kuliko mimi. William anambana msichana aliyekwisha kusema hapana, na tamthilia inamsamehe haraka mno. Lakini pale Noora anapokaa na Vilde meza moja, akijua asiloweza kulisema, uandishi uko imara.

Utoaji wa tamthilia pia ulilitumikia lengo hilohilo la kumweka mtazamaji alipo mhusika. Tukio la Jumanne mchana lilichapishwa kwenye tovuti Jumanne mchana, saa ileile. Jumbe za simu za wahusika zilitokea hivyohivyo, na Ijumaa vipande vya wiki viliunganishwa kuwa kipindi kimoja. Eva akikaa siku mbili bila kujibiwa ujumbe, mtazamaji alikaa naye siku mbili. NRK haikuipigia debe, wala waigizaji hawakupelekwa kwenye mahojiano, ili vijana waigundue wenyewe.

Msimu wa nne ni wa Sana, Mwislamu mwenye asili ya Morocco, hijabu kichwani, ulimi mkali, dini aliyoichagua kwa akili yake. Mwezi wa Ramadhani wa 2017 uliingia msimu ukiendelea, kwa hiyo Sana alifunga siku zilezile walizofunga watazamaji Waislamu. Mtu wa Tanga au Mombasa atamtambua mara moja: anaswali, anapenda, anaogopa kwamba marafiki wanapanga kumtoa kwenye basi kwa kuwa hanywi pombe, na kwa hofu hiyo anachapisha kwa siri jumbe za msichana mwingine. Kosa ni lake, na tamthilia inamwachia alibebe. Linaloniuma ni kwamba msimu huu unamkatiza ili kurudi kwa Noora na William, wakati yeye ndiye aliyesubiri zamu kwa muda mrefu kuliko wote.

Skam imetengenezwa upya Ufaransa, Ujerumani, Italia, Hispania, Uholanzi, Ubelgiji na Marekani. Basi la russ halikusafirika. Toleo la Marekani, lililowekwa Austin, Texas, lilitumia mambo ya timu ya dansi ya shule. Mwandishi wa hapa aanze na swali hilo: wasichana wetu wanalazimishwa na nini kuwa kundi? Wengi wako bweni. Simu haziruhusiwi, kwa hiyo habari zinapita kwa njia nyingine: kikaratasi kati ya madaftari, matroni aliyesikia jambo akapeleka ofisini, mzazi aliyekuja siku ya kutembelewa akateleza ulimi, binamu anayesoma shule ya jirani. Chora njia hizo kwanza. Andika ni nani anajua nini Jumatatu, na nani atakijua Alhamisi. Halafu mchague msichana mmoja, na usiandike tukio lolote ambalo yeye hayupo.