Eti "alikuwa anamsifia tu": dhana potofu kuhusu ubaguzi wa rangi kwenye habari za michezo

Kila mtangazaji au gazeti la michezo likiteleza kwenye mambo ya rangi, utetezi ni uleule, ukishafuatilia kesi mbili tatu unaukariri: hakukusudia, alikuwa anatania, maiki ilikuwa imezimwa, watu siku hizi wamezidi kudeka. Nimeokota zile dhana ninazokutana nazo sana nikaziweka pembeni ya yaliyotokea kweli. Hazina uzito sawa, kwa hiyo nyingine nitazipita haraka.

Dhana: Ubaguzi ni matusi. Kama hajatukana, hakuna kesi.

Hapa ndipo wengi tunapopotea, manake tusi kila mtu analisikia, watu wanapiga kelele, mtu anatimuliwa kazi, stori inaisha. Kinachodumu ni sifa. Kaa usikilize kamentari dakika 90 nzima bila kuangalia picha: huyu "nguvu", "kasi", "misuli", "mnyama huyu", yule "anausoma mchezo", "ana akili", "kiongozi uwanjani". Mara nyingi utajua nani mweusi nani mweupe na hujamuona hata mmoja.

Na hii siyo hisia tu. Mwaka 2020 kampuni ya RunRepeat, ikishirikiana na PFA, chama cha wachezaji wa kulipwa cha Uingereza, ilichambua kamentari za Kiingereza kwenye mechi 80 za ligi kuu nne, ya Uingereza, Hispania, Italia na Ufaransa, ikaorodhesha kauli 2,073 zilizomhusu mchezaji mmojammoja halafu ikaangalia nani kaambiwa nini. Ilipozungumzwa akili, asilimia 62.6 ya sifa zilienda kwa wachezaji wenye ngozi nyeupe zaidi, na asilimia 63.3 ya lawama zikaenda kwa wenye ngozi nyeusi zaidi. Kwenye nguvu, mwenye ngozi nyeusi zaidi alikuwa na uwezekano wa kuzungumziwa mara 6.59 kuliko mwenzake, na kwenye kasi mara 3.38.

Hapo hakuna aliyetukanwa. Ukimbana mtangazaji atakwambia jamaa kweli ana nguvu, kwani wewe huoni? Sawa, ana nguvu. Ila mtu akicheza miaka 15 anasifiwa mapaja tu, siku akitundika daluga akaomba kazi ya ukocha nani atamkumbuka kama mtu wa mbinu? Novemba 2014 Willy Sagnol, wakati huo kocha wa Bordeaux, alisema hadharani kwamba faida ya mchezaji wa Kiafrika ni kwamba hagharimu sana, yuko tayari kupambana, ana nguvu, lakini mpira ni ufundi pia, ni akili, ni nidhamu. Ufaransa ikawaka. Ukiniuliza mimi, hakusema kitu tofauti na kinachosikika kwenye kamentari kila wikendi, kosa lake ni kwamba yeye aliyasema yote kwa mkupuo.

Dhana: Ni maneno tu, hayamgusi mtu mfukoni.

Twende Marekani, kwenye futiboli yao. Kule kuna nafasi inaitwa kwotabeki, ndiye anayeongoza mashambulizi, anasoma ulinzi wa wapinzani na kuamua mpira uende wapi. Kwa miongo mingi iliaminika kwamba hiyo ni nafasi ya watu wenye kichwa, yaani weupe, weusi wapelekwe kwenye kukimbia na kukaba. Warren Moon aling'ara chuo kikuu cha Washington, akawa mchezaji bora wa Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo, Januari 1978, halafu ikaja drafti ya NFL, yaani siku timu za ligi yao kuu zinapochagua wachezaji wapya, na hakuna timu hata moja iliyomchukua. Akaenda Canada, akabeba Grey Cup, kombe la ubingwa wa kule, mara 5 mfululizo na Edmonton, ndipo NFL wakamkumbuka mwaka 1984. Mwaka 2006 akaingizwa kwenye Hall of Fame, jumba la heshima la magwiji wa futiboli, kwotabeki mweusi wa kwanza kufika huko. Hebu piga hesabu ya mishahara ya miaka hiyo yote aliyokuwa Canada.

Na usidhani ikaishia hapo. Septemba 2003 Rush Limbaugh, mtangazaji maarufu wa redio, akiwa studio za televisheni ya michezo ya ESPN alisema Donovan McNabb, kwotabeki mweusi wa Philadelphia, anapambwa kuliko uwezo wake kwa sababu waandishi wanatamani kuona kwotabeki mweusi anafanikiwa. Siku chache baadaye akajiuzulu.

Halafu kuna hili ambalo mimi naona ndilo zito kuliko yote. Wachezaji wastaafu wa NFL walioumia ubongo kwa kugongwa kichwa walikuwa wanalipwa fidia kutokana na makubaliano ya mahakamani. Kumbe kwenye vipimo vyenyewe kulikuwa na kanuni iliyokadiria kwamba mchezaji mweusi alianza maisha na uwezo mdogo zaidi wa akili, kwa hiyo ili ionekane akili yake imeshuka ilibidi awe ameharibika zaidi ya mzungu, asipofikia hapo halipwi. Juni 2021 ndipo NFL wakaahidi kuiacha. Sisemi watangazaji ndio waliotunga kanuni hiyo, la hasha. Nasema ni wazo lilelile la "huyu mwili, yule akili", limetoka kwenye maiki likakutwa ndani ya fomu ya daktari.

Dhana: Gazeti limeripoti ukweli, sasa ukweli nao umekuwa ubaguzi?

Desemba 2018, siku moja baada ya kutolewa maneno machafu na mashabiki kwenye mechi na Chelsea, Raheem Sterling, mchezaji mweusi aliyekuwa Manchester City wakati huo, aliingia Instagram. Watu walitegemea aongelee wale mashabiki, yeye akaweka habari mbili za gazeti moja kuhusu vijana wawili wa Manchester City walionunua nyumba. Ya Tosin Adarabioyo, kijana mweusi, kichwa chake kilieleza kwamba ana miaka 20, analipwa pauni 25,000 kwa wiki, katumbua kwenye jumba la pauni milioni 2.25 ilhali hajawahi kuanza mechi hata moja ya Ligi Kuu. Ya Phil Foden, kijana mweupe, ikasema chipukizi wa City amemnunulia mama yake nyumba ya pauni milioni 2.

Sterling akaeleza kwamba wote wawili wamefanya jambo moja, wamewanunulia mama zao nyumba. Sasa soma tena vile vichwa viwili. Hakuna uongo hata mmoja mle ndani, umri ni kweli, mshahara ni kweli, mechi ni kweli. Ila mmoja umeletewa mshahara wake, umri wake na benchi lake ili ukasirike, mwingine umeletewa mama yake. Mhariri anachagua ukweli upi utangulie na upi uachwe, kazi yake ndiyo hiyo, na kuchagua ndiko kunakompa msomaji hasira au huruma. Kwa maoni yangu posti ile ya Sterling imewafundisha watu uandishi kuliko semina nyingi tu.

Dhana: Maiki ilikuwa imezimwa, yale yalikuwa mazungumzo binafsi.

Hii fupi. Aprili 2004 Ron Atkinson, mchambuzi wa televisheni ya ITV ya Uingereza, alimtukana Marcel Desailly, beki mweusi wa Chelsea, tusi la rangi baada ya Chelsea kufungwa na Monaco, akidhani matangazo yameisha, kumbe baadhi ya nchi za Mashariki ya Kati bado zinasikia. Agosti 2006 Dean Jones, mtangazaji wa kriketi, akiwa Colombo akamwita mchezaji Hashim Amla gaidi, Muislamu mwenye ndevu zake, akidhani wameenda kwenye matangazo ya biashara, kumbe Afrika Kusini, nyumbani kwao Amla, sauti inaingia laivu. Wote kazi ziliisha. Maiki haikuwatungia maneno, iliyatoa tu nje.

Na kwa Atkinson ndipo lilipotoka lile jibu maarufu, eti huyu hawezi kuwa mbaguzi kwani akiwa kocha wa West Bromwich ndiye aliyekuwa anawapanga pamoja Cyrille Regis, Laurie Cunningham na Brendon Batson, wakati timu nyingi za Uingereza zilikuwa hazina mchezaji mweusi hata mmoja. Ni kweli aliwapanga, na apewe haki yake. Na tusi nalo alilitoa. Mambo mawili hayo yanaishi vizuri tu ndani ya mtu mmoja.

Dhana: Kama hakukusudia, basi hakuna kosa.

Hapa mimi mwenyewe sina msimamo wa moja kwa moja, inategemea. Februari 2012 Jeremy Lin, Mmarekani mwenye asili ya Taiwan, kijana wa Harvard ambaye hakuchaguliwa kwenye drafti, aliibuka ghafla kwenye timu ya mpira wa kikapu ya New York Knicks, wakashinda mechi 7 mfululizo. Walipofungwa na New Orleans, usiku wa manane ESPN wakaweka kwenye simu kichwa cha habari chenye msemo wa Kiingereza ambao ndani yake kuna neno wanalotukaniwa Wachina. Kilikaa dakika 35 kikatolewa. Mhariri akafukuzwa, mtangazaji aliyeutumia msemo huohuo siku chache kabla akasimamishwa siku 30. Mhariri alisema haikumjia kabisa kichwani, na Lin mwenyewe alisema haoni kama ilikuwa makusudi. Namuamini. Lakini kwa mtu aliyetukaniwa neno lile tangu shuleni, nia ya mhariri haionekani kwenye skrini, linaloonekana ni neno na picha yake chini yake. Na swali langu kwa vituo ni lingine: kichwa cha habari kinapitaje kwa mtu mmoja saa nane na nusu usiku, halafu asubuhi anafukuzwa mtu ila utaratibu unabaki palepale?

Upande wa pili kuna Doug Adler, mtangazaji wa tenisi wa ESPN. Januari 2017 kwenye Australian Open alisifia Venus Williams kwa kushambulia ghafla, akatumia neno la Kiingereza la vita vya msituni, watu wakasikia sokwe kwa sababu matamshi yanafanana. ESPN wakamuondoa, akashtaki, baadaye wakamalizana na akarudishwa. Hapo niko upande wake. Walipaswa kusikiliza rekodi na sentensi nzima kabla ya kumtoa kafara, kukimbilia kufukuza ni njia ya kituo kujisafisha tu.

Ila wapo wanaojificha kwenye nia njema. Desemba 2019 Corriere dello Sport la Italia, likitangaza mechi ya Ijumaa ya Inter na Roma, liliweka picha za Romelu Lukaku na Chris Smalling na juu yake maandishi makubwa "Black Friday", yaani Ijumaa Nyeusi. Gazeti likajitetea kwamba lilikuwa linasherehekea tofauti za watu. Habari ya ndani wala haikuwa mbaya! Marafiki wawili waliocheza pamoja Manchester United sasa wanakutana, mada tamu kabisa, wao wakaona rangi. Roma na AC Milan wakawafungia waandishi wa gazeti hilo milango ya viwanja vya mazoezi mpaka mwisho wa mwaka.

Dhana: Lugha ya michezo ndivyo ilivyo, haibadiliki.

Mwaka 1992 gazeti la The Oregonian la Marekani liliamua halitaandika tena majina ya timu yanayowadhalilisha Wahindi Wekundu, likiwemo la timu ya futiboli ya Washington. Wakachekwa, wakaambiwa sasa mtaripotije matokeo? Waliandika "Washington" na wasomaji wakaelewa nani kafungwa. Timu yenyewe iligoma miaka 28, mpaka Julai 2020 FedEx, ambao jina lao lilikuwa kwenye uwanja, walipowaandikia wabadilishe, na Nike wakaondoa bidhaa zao kwenye duka la mtandaoni. Ndani ya wiki mbili jina likafutwa.