Bato ikizeeka haitupwi mu bahari

Hapa Goma ku port batu banasemaka ati bato kubwa za kazi ya petrole zikizeeka banazizamishaka tu mu bahari. Zenye banazamishaka kwa kusudi, samaki ipate kwenye kujificha, ziko, lakini ni chache, juu chuma njo feza yenyewe. Nyingi banaziuzisha, zinaenda kwa injini yao ao zinavutwa mpaka Alang kule India, ao Chattogram ya Bangladesh, kapiteni anangoja maji ipande sana kisha anaisukuma mbio mpaka ikwame ku muchanga. Maji ikishuka, batu banaingia na moto ya gazi banakata kipande kwa kipande, hata viti na sufuria za kikoni zinauzishwa. Asbesto ya ndani, ile nyuzi za kuzuia moto zenye vumbi yake inaharibisha mapafu, njo inaogopesha. Mapatano ya Hong Kong, ya mainchi mingi, juu ya hiyo kazi ya kukata bato ilianza kufuatwa mu 2025 tu.