Karata za plastiki zikipinda sio lazima ziwe feki

Wiki hii nimepigiwa simu tatu na zote zimeanza vile vile, "kaka zile karata ulizoniuzia ni feki, zimepinda." Nauliza zimepinda zote au moja? Hajui. Zimepinda kuelekea mgongoni au kuelekea usoni? Anakasirika, anaona namzungusha ili nisimrudishie hela yake. Jamani sizungushi mtu, hayo maswali ndiyo kipimo chenyewe, bila majibu yake hata mimi siwezi kujua karata zako zina tatizo gani.

Inayonichosha kuliko zote ni hii, "plastiki orijino haipindi." Inapinda! Na ya bei mbaya inapinda vile vile. Kwanza hakuna plastiki moja. Karata za kampuni ya KEM ni selulosi asetati na za Copag, hao Wabrazili walioanza 1908, ni PVC, ndugu wa mabomba ya maji (na kabla hujaniambia kampuni hii waaminifu na ile wezi, siku hizi zote mbili ziko chini ya Cartamundi ya Ubelgiji). Asetati inatokana na nyuzi za miti au pamba, zimepitishwa kwenye kemikali mpaka zikawa plastiki, lakini asili haijaisha, bado inavuta unyevu wa hewani kidogo kidogo. PVC unyevu haiujali, inachoogopa ni joto na kukandamizwa vibaya muda mrefu. Sasa mtu ana jozi ya asetati hapa Dar mwezi wa nne mvua za masika zinapiga, anataka itulie kama vile iko Dodoma, haiwezekani.

Jaribu mwenyewe. Chukua jozi ya asetati iliyokaa siku kadhaa kwenye chumba cha kawaida hapa pwani, iweke mezani kwenye chumba chenye AC, migongo juu, usiiguse saa moja au mbili. Karata ya juu kabisa itaanza kuinua kingo zake, inakuwa kama kisahani. Sababu ni kwamba upande wake wa juu unapigwa na hewa kavu, unatoa unyevu na kusinyaa, upande wa chini umefunikwa na wenzake bado uko vile vile, na upande uliosinyaa ndio unaovuta kingo. Ukifanya kinyume, ukaitoa chumba cha AC ukaileta barazani, upande wa juu unanywa unyevu na kutanuka, kingo zinalala chini na katikati panainuka kama mgongo wa kobe. Karata ni ile ile na upande ni ule ule, kilichobadilika ni hewa tu.

Nina kundi moja la wachezaji ninawatunzia karata zao, walikuwa wananirudishia jozi kila baada ya wiki mbili, nikaenda mwenyewe kuangalia. Meza ilikuwa chini ya AC kabisa, upepo unashuka moja kwa moja kwenye karata, na wakimaliza kucheza wanazima AC wanafungua madirisha na karata zinalala wazi pale pale mezani mpaka kesho yake. Yaani kila siku zinakaushwa na kuloweshwa, upande mmoja. Tukasogeza meza na nikawaambia mchezo ukiisha karata zinarudi kwenye boksi lake gumu la plastiki, basi. Malalamiko yameisha.

Dawa ya huo upindaji ni subira. Zitandaze mezani kwenye chumba ambacho mtachezea, pande zote mbili zipate hewa (ziguse, zigeuze), masaa machache, halafu zipange vizuri, ziweke kati ya vitu viwili bapa na vitabu vizito juu, siku mbili tatu. Nyingi zinarudi. Na ushauri wangu ambao nausema kila siku na watu hawaufuati: ukimaliza kucheza, geuza jozi nzima, leo migongo juu kesho nyuso juu. Ni sekunde moja tu na haina gharama.

Kuna upindaji mwingine ambao hauhusiani na hewa, unatoka mikononi. Ile staili ya kuchanga kwa kugawa jozi nusu mbili na kuziachia kwa vidole gumba, kama unazichanga migongo juu miaka yote basi kila karata inakunjwa upande huo huo mara maelfu, na PVC ina kumbukumbu, mwisho inakubali. Kwa hiyo ukiona jozi yote ya PVC imeinama upande mmoja sawasawa, angalia mchangaji kabla hujamlaumu muuzaji. Zichange nyuso juu dakika kadhaa kabla hamjaanza, zinapungua. Na mkono uwe mwepesi, mbona watu wanakunja karata kama wanakamua nguo?

Halafu "nimenunua za plastiki, boksi limeandikwa plastiki." Soma vizuri. Kama imeandikwa imepakwa plastiki, hiyo ni karatasi yenye ngozi nyembamba ya plastiki juu, karata za kawaida za chapa ya Bicycle ziko hivyo. Ni karata nzuri sana lakini ni karatasi, ikinywa maji imekwisha. Tafuta pameandikwa plastiki asilimia mia.

"Zipige pasi." Aliyeanzisha hii sijui ni nani ila ameua karata nyingi. PVC inaanza kulegea kwenye nyuzi 80 hivi, na ikiwa imekandamizwa au imekunjwa inakubali umbo jipya hata kabla ya hapo, pasi yako inazidi hiyo mbali. Hata hauhitaji pasi, gari lililofungwa vioo juani linatosha, dashibodi inaweza kufika nyuzi 70, na karata zilizoachwa pale zimeegemea kioo zikipoa zinabaki na umbo la kuegemea. Hizo vitabu havizirudishi.

Friji nayo hapana. Ukizitoa kwenye baridi ukazileta kwenye hewa ya Dar zinatoka jasho kama chupa ya soda, umeziongezea unyevu wewe mwenyewe.

Kuosha, ndiyo zinaoshwa, lakini sio kulowekwa kwenye beseni na Omo usiku kucha. Kitambaa chenye unyevu kidogo, sabuni ya maji tone moja, unafuta karata moja moja pande zote mbili na kuikausha hapo hapo. Ukifuta upande mmoja tu usishangae ikipinda, nimeshaeleza kwa nini. Na dawa ya kutolea rangi ya kucha usiisogeze kabisa, ndani yake mara nyingi kuna asetoni na asetoni inayeyusha asetati, sio kuichafua, inaiyeyusha. Dada mmoja aliniletea ree ya kopa ambayo alama yake ilikuwa imegeuka uji. Sikuwa na la kumsaidia.

Raba bendi toeni, zinakata kingo na kubana katikati.

Mwisho kuna hili ambalo watu wanaliona dogo na kwangu ndilo kubwa. Jozi yote ikiinama sawasawa mnaweza kucheza tu, hakuna anayefaidika. Lakini ikipinda moja peke yake, hata kidogo sana, hiyo ni karata yenye alama, mwenye macho ataijua ikiwa mgongo juu kabla haijagawiwa. Itoe usiku huo huo hata kama ni mbili ya pau ambayo haina thamani kwenye mchezo wenu. Na usichukue nyingine mpya ukaichomeka kwenye jozi ya zamani, itang'aa na kuteleza tofauti, mtakuwa mmebadilisha alama moja kwa nyingine. Kama ni mchezo wa hela weka jozi nzima pembeni. Hiyo ya zamani wape watoto wachezee last kadi.