Je, Wajua? Kwa Nini Pwani ya Kimberley Huitaka Meli Ndogo

Bato inayotoka Goma usiku na kufika Bukavu alfajiri hufungwa gatini kwa kamba iliyokazwa, na hadi jioni kamba hiyo haijalegea wala haijavutika. Ziwa Kivu hupanda na kushuka, ndiyo, lakini kwa kufuata mvua na kiangazi, si kwa saa. Mwezi unalivuta kama unavyoyavuta maji yote ya dunia, ila ziwa lenyewe ni dogo mno kwa kazi hiyo. Tofauti anayoileta mwezi ni ya milimita chache, nayo humezwa na viwimbi vya upepo wa asubuhi bila mtu kujua.

Ifunge bato hivyohivyo kwenye gati la Broome, kaskazini magharibi mwa Australia, kisha uende kulala. Baada ya saa sita utakuta kamba zimekatika, au bato inaning'inia. Maji pale hushuka karibu mita 10 katika siku kali za mwezi. Derby, mji ulio ndani ya ghuba ya King Sound, huona zaidi ya mita 11, yaani jengo la ghorofa tatu linafunikwa na kufunuliwa mara mbili kila siku.

Kutoka Broome kuelekea kaskazini mashariki, mpaka Wyndham, ndiyo pwani ya Kimberley. Hakuna barabara inayoifuata. Ina visiwa zaidi ya 2,500, mito yenye mamba, na miji ya kuhesabia vidole. Watalii huizunguka kwa meli kwa siku 10 hivi, na meli zinazofika kwenye sehemu zake nzuri zaidi ni ndogo: abiria makumi kadhaa, pengine mia moja, badala ya maelfu. Wengi hudhani udogo huo ni wa kifahari tu, ili wachache wenye pesa wasisongamane. Fahari ipo, na bei ni kali kweli. Lakini sababu ya kwanza ni maji.

Mbona maji yapande kiasi hicho? Katikati ya bahari kuu, kupwa na kujaa hakufiki hata mita moja. Ila mbele ya Kimberley sakafu ya bahari ni pana na ya kina kifupi kwa mamia ya kilomita. Wimbi la mwezi likitoka kwenye kina kirefu cha Bahari ya Hindi na kupanda juu ya sakafu hiyo, hupunguza mwendo na maji hurundikana. Halafu upana wa sakafu hiyo unaafikiana na mpigo wa mwezi, ambao hurudi kila baada ya saa 12 na dakika 25: maji yanayorudi kutoka pwani hukutana na msukumo mpya kwa wakati wake, na kila msukumo huongezea uliotangulia. Mwishoni ghuba kama King Sound huyabana ndani ya njia inayozidi kuwa nyembamba, nayo hayana pa kwenda ila juu.

Si kila siku ni sawa. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja, na siku mbili hivi baadaye huja bamvua, maji yenye kupanda na kushuka sana. Mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, na tofauti hupungua mno. Nahodha wa huko hupanga safari kwa jedwali la maji kabla hajaangalia kitu kingine chochote, na mpishi hupanga chakula kwa jedwali hilohilo. Kifungua kinywa saa kumi na moja alfajiri si ajabu.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Wanamaji wana kanuni ya sehemu kumi na mbili: katika saa sita za kupwa, saa ya kwanza maji hushuka sehemu 1 kati ya 12, ya pili sehemu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tuseme leo maji yatashuka mita 9. Saa ya kwanza ni sentimita 75 tu, na mgeni atasema mbona ni kawaida. Saa ya tatu ni mita 2.25, karibu sentimita 4 kila dakika. Kwenye ufuko unaoteremka mita 1 kwa kila mita 30, dakika 10 zinatosha maji kurudi nyuma mita 11. Boti ya mpira iliyoachwa ikigusa mchanga wakati abiria wanapiga picha imekwisha kukaa nchi kavu, na yenye injini na mafuta haisukumiki kwa watu watatu ndani ya matope. Hapo ni kungoja maji yarudi, saa nyingi, kwenye tope ambalo mamba wa maji chumvi hulipenda. Ndiyo maana baharia mmoja hubaki kwenye boti, injini ikiunguruma, na kila baada ya dakika chache huisogeza nyuma kidogo. Ukimwona haendi kuangalia michoro ya kale ya miambani na wenzake, usidhani ni mvivu.

Nanga ndiyo huonyesha wazi kwa nini ukubwa ni tatizo. Meli inafika kwenye ghuba yenye kina cha mita 9 wakati maji yamekupwa. Kwa desturi ya kutoa mnyororo mara nne ya kina, mita 36 zingetosha. Saa sita baadaye kina ni mita 18. Mnyororo wa mita 36 sasa ni mara mbili tu ya kina: unavuta kuelekea juu badala ya kulala chini, nanga inang'oka, meli inaanza kuburutwa na mkondo. Kwa hiyo nahodha hutoa mita 72 tangu mwanzo, akihesabia maji yaliyojaa. Lakini maji yakiwa machache, mita hizo 72 huiachia meli izunguke duara pana, na lazima duara lote liwe halina mwamba. Meli ya mita 60 hupata nafasi hiyo ndani ya ghuba nyingi. Ya mita 250 haipati. Na tumbo la meli ndogo likizama mita 3, kwenye kina cha mita 9 bado lina mita 6 chini yake. La meli kubwa huzama mita 8, na mita 1 iliyobaki hakuna nahodha mwenye akili anayeikubali. Meli kubwa hupita Kimberley, hilo si uongo, ila hubaki nje kwenye kina kirefu, na abiria wao huitazama pwani kwa darubini.

Ongeza tatizo la ramani. Afisa wa majini wa Uingereza, Phillip Parker King, aliichora pwani hii kati ya 1819 na 1822, kwanza kwa chombo kidogo kiitwacho Mermaid, kisha kwa kingine, Bathurst, akipima kina kwa kamba yenye kipande kizito cha madini ya risasi mwishoni. Kuna sehemu ambazo hata leo hazijapimwa kwa vyombo vya kisasa. Meli hufuata njia zilizopimwa, na nje ya hapo hutanguliza boti ya mpira yenye kipima kina. King mwenyewe mwaka 1820 aliyatumia maji kama fundi: Mermaid ilikuwa ikivuja, akaipandisha ufukweni maji yakijaa, yakapwa, mafundi wakatengeneza tumbo lake. Mabaharia wakachonga jina la chombo na mwaka kwenye mbuyu, na maandishi yapo hadi leo. Naam, mbuyu. Australia ina aina yake moja, na haioti kwingine duniani.

Miamba yenyewe ni mizee kupita kiasi. Goma imekaa juu ya mawe ambayo mengine yalimiminika Januari 2002. Mawe ya mchanga ya Kimberley yalitandikwa miaka bilioni 1.8 iliyopita, yaani milioni 1,800, kabla hakujawa na mnyama wa aina yoyote duniani. Hutakuta humo mfupa wala kombe. Na tabaka kubwa mojawapo wanajiolojia waliliita kwa jina la mfalme Leopold. Ndiyo, yuleyule. Mwaka 1879 mvumbuzi Alexander Forrest aliipa milima ya kusini mwa Kimberley jina la Leopold II, mfalme ambaye hakukanyaga Australia, kama ambavyo hakukanyaga Kongo. Mwaka 2020 milima ikarudishiwa majina ya wenyeji: Wunaamin-Miliwundi.

Umbo la pwani, mtu wa Bukavu ataliona si geni. Rasi za Bukavu zilizonyooka ndani ya maji kama vidole ni matuta ya mabonde ya kale: volkano za Virunga ziliziba mito iliyokuwa ikienda kaskazini, ziwa likapanda, likayameza mabonde, hadi maji yakapata njia ya Ruzizi. Kimberley ni hivyo pia, ila kilichopanda ni bahari. Miaka 20,000 iliyopita, barafu ilipokuwa imefunika nchi za kaskazini, bahari ilikuwa chini kwa mita 120 hivi. Barafu ikayeyuka, mabonde yakajaa, vilele vikawa visiwa. Watu walikuwepo wakiona. Kuna kangaruu aliyechorwa kwenye mwamba miaka ipatayo 17,300 iliyopita, umri uliopatikana kwa kupima viota vya nyigu vilivyojengwa chini na juu ya rangi. Matokeo yalitangazwa 2021. Aliyemchora aliishi wakati ufuko ulikuwa mbali sana na ulipo leo.

Mahali pawili panaonyesha kazi ya maji kuliko pengine pote. Pa kwanza ni mwamba wa Montgomery, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 400 hivi. Maji yakijaa, unaona bahari tupu. Yakianza kupwa, bahari hushuka haraka kuliko maji yaliyo juu ya mwamba yanavyoweza kutoka, basi humwagika pembeni kwa maelfu ya vijito, na mwamba unaonekana kama unainuka. Boti huingia kwenye mkondo unaoukata mwamba saa mbili au tatu kabla ya mwisho wa kupwa, wakati mmwagiko una nguvu. Kasa na papa wadogo hukusanyika mle kutafuta vilivyokokotwa na maji. Ukienda siku za maji mafu, utaona kidogo sana, na hakuna kiongozi atakayeweza kukusaidia. Kwa hiyo kabla ya kulipa, chukua kalenda ya mwezi uilinganishe na ratiba ya meli: siku ya Montgomery iangukie karibu na mwezi mpevu au mwandamo. Kampuni nyingi hupanga hivyo, si zote.

Msimu nao una ubishi wake. Novemba hadi Aprili ni mvua, joto na vimbunga; meli karibu hazipo. Mei na Juni maporomoko yana maji tele, na yale pacha ya mto King George, yenye urefu wa mita 80 hivi, hunguruma. Julai hadi Septemba nyangumi wenye nundu huja kuzaa Camden Sound, lakini kufikia mwishoni mwa Septemba King George huwa ukuta mkavu. Huwezi kuvipata vyote viwili kwa ukamilifu. Kati ya hivyo, Juni ndiyo chaguo letu, kwa sababu nyangumi huonekana pwani nyingine pia.

Jambo ambalo matangazo huliacha: hakuna kuogelea baharini. Mamba dume huweza kupita mita 5, na maji ni mazito kwa matope hata huoni mkono wako. Matope hayohayo huziba vichujio vya mitambo ya kugeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa, hivyo meli hutengeneza maji ikiwa nje baharini, na ikikaa siku nyingi ndani ya ghuba utaombwa uoge haraka. Viatu vya kushukia viwe vya kufunga nyuma, vyenye soli ya kushika. Miamba inayofunuliwa na maji ina utelezi, na vifundo vya miguu huumia zaidi kuliko kitu kingine. Hospitali iko saa kadhaa kwa helikopta.

Mahali pa pili panapoonyesha kazi ya maji ni maporomoko ya mlalo ya ghuba ya Talbot, Garaanngaddim kwa wenyeji. Safu mbili za vilima zina kila moja pengo jembamba, moja la mita 20 hivi, jingine kama nusu yake. Bahari nje ikishuka, maji ya ndani hayawezi kupita upesi, na upande mmoja hubaki juu ya mwingine kwa mita 4 hivi. Hapo maji hupita kama bomba lililopasuka, kisha saa sita baadaye hugeuka na kuporomoka upande wa pili. Kwa miaka boti za kasi zilipitisha watalii katikati. Mei 2022 boti moja iligonga mwamba na abiria wengi wakaumia. Wenye eneo, watu wa Dambeemangarddee, waliomba mapengo yaachwe, kwa kuwa kwao ni mahali patakatifu. Serikali ya Australia Magharibi imekubali: baada ya Machi 2028 hakuna boti itakayopita ndani ya mapengo. Meli zitaendelea kuingia ghubani, na boti za mpira zitasimama mbele ya pengo, pua ikielekea mkondo, abiria wakitazama kutoka hapo.